Jeannot Mwelwa na Magurudumu ya Gari Jeupe

Kwa miaka ishirini na miwili nimeficha jambo moja kuhusu Jeannot Mwelwa, anayestaafu tarehe 31 Machi 2025 baada ya kuitumikia kampuni yetu ya uchapaji kwa miaka thelathini na minne. Mama Cathy wa ofisi ya wafanyakazi aliniomba niandike ukurasa huu wa kumuaga kwa sababu mimi, Edouard, nilipokuwa mkuu wa usafiri, ndiye niliyemwajiri. Nina miaka themanini na mitatu na figo zangu zimechoka. Naomba ukurasa usomwe wote, yeye akiwapo.

Mwelwa aliingia kazini Februari 1991 akiwa dereva. Kwa miaka kumi na miwili hakugonga hata kuku. Alikuwa na desturi moja: kabla ya kupokea ufunguo, alimuuliza aliyelitumia gari mara ya mwisho kama lina neno, na jibu aliliamini.

Mei 2003 aliondolewa kwenye usukani, akapelekwa kwenye uwanja wa kuoshea magari. Wengi wenu mmemjua huko tu. Mlimwita Munganga ya Maroue, daktari wa magurudumu. Mlimcheka, kisha mkamfuata. Nani kati yenu hakufundishwa naye kuosha magurudumu ya gari lake mwenyewe nyumbani? Magurudumu kwanza, bodi baadaye, maana uchafu wake hurukia juu. Yawe yamepoa. Yawe na ndoo yao peke yao. Udongo wetu mwekundu na vumbi jeusi la breki hujificha nyuma ya jante, ule mduara wa chuma unaovishwa tairi, kwa hiyo mkono uingie mpaka ndani, na nati zisuguliwe kwa mswaki. Mkewe, Mama Léa, alilalamika kwamba kwao mswaki hauzeeki: ukifikisha miezi miwili unaajiriwa na kampuni. Mkurugenzi mmoja aliwahi kuinama mbele ya jante aliyoisafisha Mwelwa, akajitazama humo na kunyoosha tai yake.

Mwisho wa somo alisema maneno yaleyale kila mara: "Mafuta ya kung'arisha pneu, unapakala na kitambaa. Hapana kumwanga. Ikifika ku frein, njo kifo." Yaani mafuta ya tairi yapakwe, yasimwagwe, maana yakifika kwenye breki yanaua. Nikiwa karibu, aliyasema akitazama chini.

Alikuwa na sababu. Jumamosi moja ya Mei 2003 niliazima gari jeupe la mkurugenzi limpeleke binti yangu Christiane kanisani kufunga ndoa. Asubuhi nililiosha mwenyewe, nyumbani kwangu. Nilitaka wakwe waone magurudumu yanayong'aa kuliko hata yale ya Mwelwa. Nilichukua mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika, nikayamimina juu ya matairi na katikati ya jante, mpaka kila kitu kikawa cheusi cha kumetameta. Watu walisifu sana. Jumapili nilifuta sehemu ya nje tu, ile inayoonekana.

Jumatatu Mwelwa alimpeleka Deborah, karani wetu, chuoni Kasapa na karatasi za vitabu za kusahihishwa kabla ya kuchapwa. Njiani lori lilisimama ghafla mbele yao. Gari jeupe halikusimama. Deborah alivunjika mkono wa kushoto, na hadi leo haunyooki vizuri.

Nilipofika, Mwelwa alikuwa amepiga magoti kando ya gurudumu. Alinionyesha kidole chake.

"Chef, kuko mafuta huku ndani. Nilikanyaga frein, haikukamata."

Nilimwambia mafuta yamemwagika kwa sababu ya ajali. Alipangusa kidole kwenye suruali, na hakulitaja tena jambo hilo. Siku hiyohiyo niliandika ripoti: mwendo wa kasi. Nikatia sahihi. Wenzake walimtania mwaka mzima kwa jina la Formule Un, yale mashindano ya magari ya kasi, na mimi nilicheka pamoja nao.

Jeannot, asante kwa magari yaliyotoka mikononi mwako yakipendeza, na kwa wafanyakazi uliowafundisha kushika kitambaa. Mama Léa akupate sasa mzimamzima, akufichie miswaki. Huko Lukafu, unakotaka kulima mahindi, mvua ya kwanza ikukute umeshapanda. Deborah, nawe pia unisikie. Siwaombi mnisamehe mbele ya watu. Hiyo ingekuwa kuwalazimisha.

Limebaki moja. Kuhusu mafuta, mtu angeweza kusema ulikuwa ujinga wangu, kwamba sikujua yamefika wapi. Lakini Jumamosi ile, mbele ya kanisa, nilikanyaga breki na gari likapitiliza. Lilisimama hatua mbili tu kutoka kwa mpiga picha, naye akadhani namtania. Jumatatu asubuhi ulinyoosha mkono kupokea ufunguo, ukaniuliza kama kawaida yako: "Chef, motokari iko na neno?"

Nilijua. Nikakujibu: "Haina neno. Enda."