Leona Petrak na Mtu Aliyebishana Naye

Padri, shemeji yangu Emil, Judith na Conrad, majirani, na ninyi mliosafiri kutoka mbali kwa ajili ya vitabu vya katuni, familia imenikabidhi mimi, Irma Hruska, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake, nami naomba mnivumilie, kwa maana karatasi niliyopewa na watoto nimeiongezea mambo ambayo wao wenyewe hawayajui.

Leona alizaliwa tarehe 9 Novemba 1946 hapa Youngstown, Ohio, binti wa kwanza wa mzee Stefan Hruska, aliyefanya kazi kwenye tanuri la kiwanda cha chuma, na mama Ludmila, mpishi wa shule, nami nikamfuata mwezi Machi 1949, nikavaa magauni yake yakishambana, nikarithi viatu vyake, na kwa walimu wetu wote jina langu likawa "mdogo wake Leona".

Alisoma shule ya msingi ya parokia kuanzia mwaka 1952 hadi 1960, kisha sekondari hadi 1964, na ni akiwa sekondari, mwaka 1962, mwandishi Burton Kessling alipokabidhiwa hadithi za katuni za Kimondo Mweupe, shujaa aliyeruka angani na kutandika majambazi kila mwezi bila kupata hata mkwaruzo, akamuua mke wa shujaa huyo, akamnyang'anya nguvu zake, akamfanya kondakta wa basi kwa matoleo manane mfululizo, na wasomaji wakagawanyika kama ndugu wanaogombania urithi, hawa wakisema ameua utoto wao, wale wakisema sasa ndipo shujaa ameingiwa na damu.

Mwezi Oktoba mwaka huo Leona alimwandikia Kessling kwamba mtu anayeruka hawezi kujua uzito wa mlango wa basi, na baada ya wiki tatu kadi ikaja, yenye maneno haya, "Binti Hruska, wewe umesoma nilichoandika, wengi husoma walichotarajia," na baba, ambaye Kiingereza cha kusoma kilimpiga chenga hadi anakufa, akaibandika ukutani kando ya picha ya Bikira Maria, akawa anamwambia kila mgeni, "Mwanangu anaandikiana na watu wa New York!"

Hakuna aliyejua kwamba wiki ileile nami nilikuwa nimemwandikia Kessling, kurasa tatu, kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, nami nilimpenda kuliko Leona alivyompenda, na sikujibiwa hata nukta, na kila nilipopita kwenda jikoni niliiona ile kadi, moyo ukaniwaka kama kidonda kilichotiwa chumvi.

Basi mwezi Juni 1963, nikiwa na miaka kumi na minne, nilipiga chapa barua kwa taipureta ya shule, nikasema Kessling anawazamisha mashujaa wetu katika machozi na afukuzwe kazi, nikaweka jina la mtu asiyekuwepo, Raymond Tully wa mji jirani wa Warren, nikaipeleka kwa wachapishaji wa Kimondo, wakaichapa kwenye ukurasa wa barua za wasomaji, na Leona alipoisoma alipiga meza kwa kiganja, akasema, "Huyu bwana ana ulimi lakini hana macho, subiri nimwoneshe!", nami nikasema, "Mwoneshe, dada," nikafurahi kwa furaha ambayo leo siwezi kuitaja bila aibu.

Alihitimu chuo mwaka 1968, akaajiriwa katika maktaba ya umma ya mji huu, alikotumika hadi alipostaafu mwaka 2006, na mwaka uleule wa 1968 alianzisha jarida la mashabiki liitwalo Mkia wa Kimondo, akilichapa mwenyewe kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono katika chumba cha chini cha nyumba ya wazazi, likasomwa na watu wapatao mia mbili katika majimbo kumi na tisa, na halikutoka toleo lisilokuwa na barua ya Tully, kwa kuwa wakati huo nilikuwa karani wa bima huko Warren, nikiwa na sanduku langu la posta.

Ndugu zangu, mtego niliutega mwenyewe na nikanasa mwenyewe, maana Leona alikuwa akinisomea barua zile tukiosha vyombo, akicheka hadi povu linamrukia usoni, akisema, "Irma, sikia jeuri ya mtu huyu, lakini ana akili, jamani, laiti ningekuwa na mtu wa kuzungumza naye hivi!", nami nilikuwa nimesimama hapo na kitambaa mkononi, nikimwonea wivu mwanamume niliyemtunga.

Tarehe 17 Juni 1972 alifunga ndoa na Emil Petrak, fundi uashi, katika kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Judith mwaka 1974 na Conrad mwaka 1977, na shemeji atanisamehe nikikumbusha alivyokuwa akilalamika mezani, "Nimeoa mke mmoja nikapewa wanaume watatu, mimi, Kessling na Tully, na mimi ndiye wa mwisho kusomwa," watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao.

Mwezi Agosti 1975 mashabiki walikutana Cleveland, na Kessling mwenyewe, ambaye hakuwahi kujitokeza hadharani, angezungumza kwa saa moja, nami kwa ubaya ambao sikuupima nilimwandikia Leona kwa jina la Tully kwamba nitakuja, kwa hiyo dada yangu alisimama mlangoni na kipande cha boksi kilichoandikwa TULLY, mlango ukafungwa, makofi yakasikika ndani, nikamwambia, "Leona, ingia, unamkosa," akanijibu, "Kessling nimeshamsoma, huyu sijamwona," akabaki pale hadi watu wakatoka, hakumsikia hata neno moja mtu aliyemtetea kwa miaka kumi na mitatu, na koti lake nilikuwa nimelishika mimi.

Sikuweza tena kuandika, Tully akanyamaza, na mwaka 1976 Mkia wa Kimondo ulikoma katika toleo la hamsini na moja, na nilipomuuliza sababu alisema, "Wanaokubaliana nami wananichosha," na Kessling alipofariki mwaka 1983 aliandika taazia ya ukurasa mmoja, akapeleka nakala kwenye sanduku la posta la Warren, nami ninayo.

Mwezi Machi 2018 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na Jumatano tarehe 17 Aprili 2019, nikimlisha supu, alinishika mkono akasema, "Irma, kama Tully yu hai, mtafute, mwambie nilishinda," na hata pale, Mungu anirehemu, niliumia kwamba ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa mtu mwingine, nikasema "Nitamwambia," nikaendelea kupoza supu, naye akafariki Jumapili tarehe 21, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Emil, Judith, Conrad, nanyi nyote mliombishia na kumpenda, Raymond Tully ni mimi, hakuwahi kuwepo mwingine, nilikuwa na kinywa cha kusema kwa miaka hamsini na sita na sikusema, na atakayeona sistahili kusimama hapa ana haki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani walioleta chakula kila siku, wafanyakazi wenzake wa maktaba, na wale wazee wawili ambao jana, mbele ya jeneza lake, walisikika mmoja akisema, "Kessling alimharibu Kimondo, basi," na mwenzake, "Nyamaza, Mel, alimpa roho," nanyi endeleeni kubishana, maana hiyo ndiyo sauti aliyoipenda.

Dada, ujumbe umefika, ulishinda tangu barua ya kwanza, na aliyekupinga hakuwahi kuamini hata neno moja aliloandika. Pumzika kwa amani.