Poongodi, Mke wa Mpiga Ngoma

Ndugu waombolezaji, mdogo wangu Sadaiyan ameniomba niwasomee maisha ya mkewe Poongodi, na nasema mkewe kwa makusudi, kwa kuwa nyumba aliyozaliwa imeshikilia miaka thelathini na minne kwamba hakuolewa, na yeye alitaka jambo moja tu kabla ya mwili wake kuchomwa, kwao wakiri kuwa alikuwa mke wa mtu.

Alizaliwa tarehe 12 Februari 1968 hapa Karumalaipatti, binti pekee wa mzee Karuppanan mwenye mashamba ya pamba, nyuma ya kaka zake Ochappan na Mayandi. Alisoma shule ya kijiji kuanzia 1973 hadi darasa la nane, akatolewa alipovunja ungo, akawa anachuma pamba ya baba yake, na kwenye kisima cha shamba hilo akazoeana na Sadaiyan, mpiga ngoma za misiba, ambaye kwa tabaka lake hakuruhusiwa kupita mtaa wa kina Poongodi na viatu miguuni.

Mwaka 1987 walikuja watu wa filamu kutoka Madras kupiga picha ya mapenzi ya kijijini. Jumatano tarehe 17 Juni mwigizaji wao wa kike alishikwa na homa, na kwa kuwa bibi na bwana harusi wangeonekana visogo tu, wakawakalisha Poongodi na Sadaiyan bila kuuliza nani wa mtaa gani, nami, dada wa kweli wa Sadaiyan, nikawa dada wa bwana harusi. Kwetu mume hufunga fundo la kwanza la tali, ule uzi wa manjano, dada yake hufunga mawili, na kwenye filamu ni mwiko kufikisha matatu, maana hapo imekuwa ndoa. Niliambiwa nifunge moja, lakini nilikwisha kuwafungia kaka zangu watatu, mkono ukaenda wenyewe.

"Dada, umefunga mangapi?" Poongodi akaniuliza polepole.

"Mawili. Nisamehe, mwanangu, ngoja nifungue."

"Ukifungua nitakung'ata. Liache hapohapo."

Jumamosi tarehe 20, asubuhi, habari za fundo la tatu zikiwa zimewafikia, kaka zake Poongodi walifika mahali pa kupigia picha na miundu miwili. Ochappan akauliza mkono uliofunga ni upi, na Sadaiyan, ambaye hajawahi kujua kunyamaza, akaunyoosha akasema, "Huu hapa, shemeji." Waliukata kwenye kifundo cha mkono, na watazamaji waliosimama nyuma ya kamba wakapiga makofi, wakidhani ni damu ya rangi ya filamu kama waliyoiona juzi. Poongodi aliudaka mundu wa pili kwa viganja, akapoteza vidole viwili vya kushoto, lakini shingo ya mumewe ikapona.

Filamu ikatoka, tukaiona kwenye hema la sinema, naye akacheka akisema kisogo chake ni kizuri kuliko uso wa yule wa Madras.

Tarehe 9 Machi 1990, mchana kweupe, Mayandi alifunga mlango wetu kwa nje akaichoma nyumba, na mtoto wa kwanza wa Poongodi na Sadaiyan, Sudalai, mwenye miezi kumi na mmoja, akafia kifuani mwa mama yake. Mayandi alifungwa maisha, akafia gerezani mwaka 2004. Binti yao Kayalvizhi, tunayemwita Kayal, alizaliwa tarehe 3 Agosti 1993, na marehemu alimlea kwa kusuka maua ya asumini kituo cha mabasi cha Andipatti, uzi akiushika kwa kidole gumba cha mguu, pale vidole vya mkono vilipopungua.

Mwaka 2019 figo zilianza kumsumbua, na Jumanne tarehe 2 Novemba 2021, saa nne asubuhi, akafariki, akiwa amemwachia Kayal agizo kuhusu ile nguo ambayo kwetu nyumba ya kuzaliwa humfunika nayo mwanamke anapofariki: anayeileta aulizwe kwanza anamfunika nani.

Leo asubuhi Ochappan amekuja na sari nyekundu. Kayal akasimama mlangoni.

"Mjomba, unamfunika nani?"

"Dada yangu."

"Huyo hayupo hapa."

Mzee huyo wa miaka sabini aliikunja sari upya palepale juani, kisha akasema, "Mke wa mpiga ngoma." Hakusema kwa upole, lakini amesema mbele ya watu, na sari mnayoiona juu yake ni hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotupatia paa nyumba ilipoungua, na wasuka maua wenzake waliofunga vikapu leo ili wawe hapa.

Poongodi, mke wa Sadaiyan, wamekutaja. Pumzika sasa kwa amani.