Uzi wa Koplo Reznik

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema. Kama uko jikoni, punguza moto uje ukae nasi kidogo. Mji wetu wa Scranton umempoteza Bluma Reznik Lubarsky. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka tisini na saba. Wengi mlimjua kama yule bibi mfupi aliyetangulia gwaride la Siku ya Mashujaa, medali kifuani, akiwakaripia wapiga ngoma wasiburute miguu. Lakini alichokifanya jeshini wachache walikijua, maana mwenyewe hakuwa mtu wa kujisifu.

Bluma alikuwa binti wa fundi cherehani. Baba yake, Mzee Mendel Reznik, alishona makoti ya wanaume katika duka dogo pale Penn Avenue, na binti alijua kutunga uzi kwenye sindano kabla hajajua kusoma.

Ijumaa moja ya mwaka 1943, mishumaa ya Sabato imekwisha kuwashwa na supu iko mezani, Bluma alitangaza kwamba amejiandikisha katika kikosi cha Marine. Mzee Mendel akaweka kijiko chini.

"Bluma, una akili timamu kweli? Mimi nililikimbia jeshi la mfalme wa Urusi. Nilivuka mpaka wa nchi nimefunikwa viazi! Leo wewe unalikimbilia jeshi kwa miguu yako mwenyewe?"

"Baba, lile ulilolikimbia lilikuwa jeshi la wenyewe. Hili ni letu."

Naomi, binti wa Bluma, anatuambia babu yake alimaliza supu yote, kisha akanung'unika: "Haya. Angalau wakupe viatu vya maana."

Viatu alipewa. Akapelekwa kambi moja ya ndege huko Carolina Kaskazini, kwenye karakana ya miavuli ya marubani, yaani parachuti. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua mikanda inayomfunga rubani kwenye mwavuli, kukunja mwavuli juu ya meza ndefu, na kutia saini kwenye kadi ndogo iliyoingizwa mfukoni mwa mwavuli. Saini ile ilikuwa na maana moja tu: rubani akiruka, huu utambeba.

Septemba 1944 ukaja mzigo wa mikanda mipya. Mikanda sitini na miwili. Bluma alipitisha kidole kwenye mshono wa kwanza, akauvuta. Uzi ukakatika kama tambi. Akavuta wa pili. Ukakatika. Wa tatu ukashika. Akaweka kalamu mezani.

Mkuu wa karakana alikuwa Sajenti Harlan Tuttle, mtu wa sauti kubwa na subira ndogo.

"Reznik! Mbona kadi hazina saini?"

"Uzi umeoza, afande. Siwezi kutia saini."

"Mzigo umekaguliwa kiwandani. Hapa si dukani kwa baba yako."

"Ingekuwa dukani kwa baba yangu, afande, uzi huu usingevuka kizingiti."

Wasichana waliokuwa mezani wakainama wasionekane wakicheka. Tuttle akawa mwekundu shingo nzima.

"Nyinyi watu kazi yenu kulalamika. Vita wanapigana wengine."

Kicheko kikakatika. Kila mtu alielewa "nyinyi watu" ni nani. Wayahudi katika kambi ile hawakufika kumi, na katika karakana alikuwa Bluma peke yake. Akasimama wima.

"Binamu yangu Saul amezikwa Italia, afande. Alikuwa na miaka ishirini. Naomba usirudie maneno hayo mbele yangu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa hilo Bluma aliondolewa karakana. Alisugua sakafu siku tisa. Akaandikiwa shtaka la kukaidi amri, na siku ya kusikilizwa ikaangukia Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, siku takatifu kuliko zote, ambayo Myahudi hali wala hanywi. Aliomba iahirishwe. Ikakataliwa. Basi akaamka alfajiri, akasali peke yake kando ya kitanda, akapiga pasi sare yake, akaenda na tumbo tupu na koo kavu.

Aliyesikiliza kesi alikuwa Meja Weatherby, mkuu wa kambi.

"Koplo, unajua adhabu ya kukaidi amri wakati wa vita?"

"Najua, afande. Ila naomba kitu kimoja kwanza. Tufunge gunia la mchanga lenye uzito wa mwanamume, tulidondoshe kutoka juu ya mnara wa kuanikia miavuli. Mikanda achague Sajenti mwenyewe."

Meja akamgeukia Tuttle. "Sajenti, chagua."

Tuttle akachagua. Gunia likapandishwa, likaachiliwa. Kamba ikanyooka, *pwaa!* Mkanda ukashika.

Tuttle akacheka kwa nguvu. Bluma alikuwa hajala tangu jana yake.

"Mwingine," akasema.

"Inatosha," Tuttle akadakia. "Umeona mwenyewe."

"Rubani mmoja amepona, afande. Bado sitini na mmoja. Mwingine."

Meja akatikisa kichwa kukubali. Gunia likaachiliwa mara ya pili. Mshono ukapasuka, na gunia likafika chini, mchanga ukatawanyika mpaka kwenye viatu vya Meja. La tatu, vilevile. La nne, vilevile. Hakukuwa na haja ya la tano. Meja Weatherby akachukua karatasi ya shtaka, akaichana vipande viwili.

"Koplo Reznik, mikanda hii itashonwa upya yote. Wewe ndiye utakayesimamia. Sajenti Tuttle atakusaidia."

Na alimsaidia kweli! Wiki mbili nzima Sajenti Tuttle aliketi mbele ya cherehani, jasho likimtiririka, Bluma amesimama nyuma yake: "Mguu polepole, afande. Hiyo si farasi." Siku ya mwisho Tuttle alizima mashine, akasema bila kumtazama, "Yale niliyosema kuhusu watu wenu. Nilikosea." Bluma akamwambia, "Nimesikia, afande." Basi.

Machi 1945, juu ya Pasifiki, ndege ya Luteni Orrin Dahl, kijana wa Minnesota, ilishika moto. Akaruka. Mikanda ikamkaba mabegani, ikashika. Saa sita alielea baharini mpaka meli ikamwokoa, na mfukoni mwa mwavuli akakuta kadi: *B. Reznik*.

Mwaka uliofuata, baada ya kuulizia jeshini anwani ya jina lile, akasukuma mlango wa duka pale Penn Avenue. Mzee Mendel akainua macho.

"Koti la harusi au la kazi?"

"Hapana, mzee. Namtafuta Bwana B. Reznik. Aliniokoa."

"Bwana?" Mzee akageukia chumba cha nyuma. "Bluma! Njoo, bwana, unaitwa!"

Kijana yule alipomwona akamnyooshea mkono. Naomi anasema babu yake, ambaye maisha yake yote alitema mate akisikia neno "jeshi", jioni ile alitundika picha ya Bluma akiwa na sare kwenye dirisha la duka, barabara nzima iione. Dahl akabaki kula Sabato nao. Alikula samaki wa kusaga sahani tatu, kwa adabu tu, maana baadaye alikiri hakupenda ladha yake.

Bluma aliolewa na Irving Lubarsky, mwalimu wa hesabu. Tawi la maveterani Wayahudi wa hapa lilipomwambia ajiunge na kamati ya wake, alijibu, "Mume wangu ndiye aende. Yeye hakupigana, mimi nilitumikia." Walibishana naye miaka. Mwaka 1979 walimchagua mwenyekiti, mwanamke wa kwanza katika tawi lile, kwa kura zote isipokuwa moja. Hiyo moja ilikuwa yake. Alisema mgombea mwenzake alikuwa na mwandiko mzuri zaidi.

Juzi alizikwa. Wanamarine wawili walikunja bendera, wakamkabidhi Naomi. Rabi akasoma sala. Kisha waombolezaji wakapokezana koleo kufukia kaburi, na katika foleni ile walisimama watu kumi na mmoja kutoka Minnesota, watoto na wajukuu wa Orrin Dahl, waliokuwa wameendesha gari siku mbili.

Kwa Naomi, kwa wajukuu, na kwa wote wa nyumba ya Lubarsky na Reznik, tunawapa pole kutoka moyoni. Mwenyezi Mungu awafariji pamoja na wote wanaoomboleza. Kumbukumbu ya Bluma iwe baraka.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, tafakarini hili. Wiki hii mtu atakuletea karatasi akuambie, "Tia saini tu, wenzako wote wametia." Kabla hujashika kalamu, fikiria nani atakayeruka.