Leza ya Mguu wa Kambare

Benchi la nje ya duka la matairi la Tillis, hapa kwetu kwenye Delta ya Mississippi, lina mabingwa watatu wa kila ugonjwa, na kati yao hakuna aliyewahi kumpima mtu hata homa. Yupo Ezell, mkusanya sadaka wa kanisani, anayeitwa Shemasi. Yupo Hosea, aliyeendesha basi la shule miaka thelathini na moja, na kwa hiyo ni Profesa. Na yupo Lavelle Pettway, ambaye kwa kukaanga samaki kila Ijumaa jina lake limeshamezwa na Kambare. Asubuhi ile bingwa wa tatu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilikuwa na kidonda cheusi, wiki ya saba sasa. Daktari wa mjini Jackson alikwishasema mshipa wa damu umeziba, na saa tatu gari la hospitali lingekuja kumchukua akazibuliwe kwa leza. Ikishindikana, mguu unakatwa. Kambare hakulala. Alikuja kijiweni kutafutiwa sababu ya kutokwenda.

— Leza ni ileile ya dukani, inayosoma bei, alisema Profesa. Wanakupitisha hivi, ukilia "pii" umekwisha.

— We nawe! Shemasi akadakia. Ile inasoma, hii inachoma. Wanaingiza waya kinenani, unateremka mpaka kwenye shavu la mguu, halafu taa inawashwa humohumo.

— Kinenani kwa nani? Kambare aliuliza.

— Kwako, mzee baba. Tena upande wa pili. Mguu mbovu wa kushoto, wao wanaingilia wa kulia.

— Sasa wa kulia umekosa nini?

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alijibu Shemasi, kama vile methali hiyo ilitungwa kwa ajili ya vinena.

Profesa alisogea mbele.

— Hebu fikirieni. Hayo mafuta yaliyoziba mshipa ni ya samaki wa miaka arobaini. Ukiyapasha moto yanafanya nini?

— Yanakaanga! alidakia Shemasi.

— Harufu itajaa hospitali nzima. Madaktari watakuja na mkate mkononi.

Kambare alicheka nao, ila aliuvuta mguu wake chini ya benchi.

— Na huo mwanga ukishaingia utatokea wapi? Profesa aliendelea. Hauna mlango. Unabaki humo. Ukizima taa ulale, mguu unawaka. Mbu wote wa mto watahamia kwako.

— Usiache mbachao kwa msala upitao, alisema Shemasi. Huo mguu umekaa nao miaka sitini na minane.

— Lakini si ndio huohuo wanaotaka kuuokoa? aliuliza Kambare.

— Basi hata ukikatwa, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Utakuja kukaa hapahapa. Benchi halidai miguu.

Hapo hakucheka mtu. Shemasi mwenyewe alijikuta anaitazama kahawa yake, na kikombe kilikuwa kitupu.

Birika la kahawa liko ndani, upande wa nyuma wa duka, hatua thelathini hivi. Desturi ya benchi ni kuvuta domino, na mwenye kete ndogo ndiye anayekwenda kuwaletea wenzake. Kambare alivuta, akapata mbili na moja. Alitukana kidogo, akainuka.

Hakufika. Hatua ya kumi na tano shavu la mguu lilikaza likamfunga pale pale, naye akafanya anavyofanya siku zote: aliliinamia tairi la trekta, akaanza kusoma namba zake kwa makini. Dereva wa hospitali, msichana mnene mwenye funguo mkononi, alikuwa ameshaegesha gari na anamtazama.

— Baba, unalinunua hilo tairi?

— Naliangalia tu.

— Unalo trekta?

Kambare alirudi kwenye namba zake. Msichana akawageukia wa benchini.

— Na nyie wazee wangu, kahawa ile pale. Kwa nini mnaipigia domino?

Profesa aliangalia viatu vyake. Shemasi alifungua mdomo kutafuta methali, akaufunga. Ndipo Kambare akakumbuka kwamba Profesa hawezi kulifikia sanduku lake la barua bila kusimama njiani akijifanya anasalimia ua la jirani, na kwamba sadaka siku hizi Shemasi anaipitisha akiwa amekaa. Hasira zilimpanda, kisha akawaonea huruma, na yeye akiwamo. Alikuja kutaka ushauri wa mabingwa watatu, kumbe ni wagonjwa watatu wanaoogopa.

— Naogopa, binti, alisema, kwa sauti ya kusikika mpaka benchini.

Neno hilo halikuwahi kutamkwa pale, na hata Tillis aliacha kugonga tairi.

— Hata mimi ningeogopa, Baba. Nishike mkono.

Kambare alipanda gari, akafunga mkanda. Msichana alikuwa anazunguka kwenda kwenye usukani Shemasi aliposimama, akalishika bega la Profesa.

— Binti! Huko Jackson wanaweza kumpima mtu ambaye haumwi sana?

— Wanaweza, Baba. Ni wewe?

— Sio mimi, alisema Shemasi haraka. Namuulizia Profesa.

Na Profesa, ambaye hubishana hata na saa ya ukutani, hakubisha.