Dakika Tano za Sista Beatha

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi hospitalini, kumi na saba kati ya hiyo akiwa muuguzi mtaalamu wa uchangiaji wa viungo, Bi. Beatha Kokushubira atastaafu rasmi Ijumaa, tarehe 26 Juni 2026. Kitengo chetu kinaona fahari kumwandikia maneno haya, ingawa mwenyewe ameshaonya kwamba yasizidi ukurasa mmoja, na kwamba picha isiwe ile aliyovaa kofia ya karatasi ya Krismasi.

Alizaliwa Bukoba, akasomea uuguzi nchini Tanzania, na mwaka 1995 akaanza kazi London katika wodi ya wagonjwa mahututi. Mwaka 2009 alihamia kazi ambayo wengi wetu hatuwezi kuieleza tukiwa mezani. Wapo wagonjwa ambao madaktari na familia hukubaliana kwamba mashine ya kupumulia haiwasaidii tena. Mashine huondolewa, moyo husimama wenyewe, na iwapo ridhaa ilitolewa, viungo huchukuliwa vikapandikizwe kwa wengine. Lakini baada ya moyo kusimama, sharti zipite dakika tano kamili kabla daktari hajathibitisha kifo, na katika dakika hizo timu ya upasuaji haimsogelei mgonjwa. Moyo ukipiga tena, hata mara moja, hesabu huanza upya. Sista Beatha, kama tunavyomwita sote, amekuwa mlinzi wa dakika hizo.

Nje ya wodi anajulikana kwa sifa nyingine. Daktari Nishma wa wodi ya wagonjwa mahututi, aliyerithi Kiswahili cha jikoni kutoka kwa bibi yake wa Mombasa, anashuhudia kwamba katika harusi tatu za Wembley, hapa London, Sista aliitwa kazini biriani ikiwa njiani kuja mezani. Kwenye harusi ya nne Nishma alimwekea sahani kabla ya bwana harusi kuingia, akamwambia mbele ya wageni, "Kula kwanza, shoga, wewe huaminiki." Siku hiyo simu haikuita kabisa. Sista anadai hajapata kuchoshwa na harusi kiasi kile.

Hata hivyo, ukitaka kumfahamu, huna budi kusikia habari ya alasiri moja ya Aprili 2023.

Kamande, dereva wa basi na mkazi wa Lewisham, alikuwa amevuja damu ubongoni na hakukuwa na matumaini ya kupona. Alikuwa amejiandikisha kuchangia viungo, na mkewe, Ann, aliamua kuheshimu uamuzi huo. Kanisani kwao walikuwa wamemwonya waziwazi: "Ukisaini tu, hao hawatangoja afe." Ann aliingia wodini na maneno hayo moyoni, na alimwambia Sista hivyo hivyo alivyoyasikia. Sista hakubishana naye. Alivuta kiti hadi mahali ambapo Ann angeweza kumshika mumewe mkono na kuona saa ya ukutani, akamweleza utaratibu wote, kisha akasema, "Hesabu pamoja na sisi."

Moyo wa Kamande uliposimama, Daktari Nishma alianza kuhesabu. Mwandishi wa makala haya, aliyekuwa na wiki tatu tu kazini na shahada mpya kabisa, alitaka aonekane mwepesi wa kazi. Dakika ya nne ilipotimia aliipigia simu timu ya upasuaji na kuiarifu kwamba muda umekwisha. Papo hapo mstari kwenye skrini ya mapigo ya moyo ukainuka mara moja, ukalala tena. Ann aliuona. Nishma akatangaza kwamba wanaanza upya.

Simu ikaita. Alikuwa Ulrich, daktari mpasuaji, akiuliza mgonjwa yuko wapi. Alijua kwamba ini halivumilii kukosa damu kwa muda mrefu, na kwamba katika hospitali nyingine mtu amekwisha kuandaliwa kulipokea. Sista aliichukua simu kutoka mkononi mwa mwandishi. "Ulrich, huyu bado yuko na mkewe," alisema kwa sauti ya chini. "Ngoja." Akakata.

Zikahesabiwa nyingine tano, zote.

Figo mbili zilifaa, na zilipandikizwa salama. Ini halikufaa, na aliyekuwa akilisubiri alirudishwa nyumbani. Sista hakulificha hilo. Alimweleza Ann yeye mwenyewe, wakiwa wameketi pamoja, wala hakutafuta maneno ya kulipamba. Kwa mwandishi, aliyetarajia karipio la haki kabisa, alisema sentensi mbili tu: "Ini tumelikosa leo. Yule mama tukimkosa, tumekosa yote."

Miezi miwili baadaye Ann alisimama katika kanisa lile lile la Lewisham. Sista alikuwa amealikwa na aliketi kiti cha nyuma, simu ikiwa imezimwa, jambo ambalo historia ya kitengo hailifahamu. "Mliniambia hawatangoja," Ann aliwaambia. "Mimi nilikuwa naangalia saa. Walianza tena kutoka mwanzo." Baada ya ibada watu kumi na wanane walijiandikisha kuwa wachangiaji. Tangu hapo Sista huitwa makanisani, misikitini na mahekaluni, na kila mahali huanza kwa kuomba saa ya ukutani.

Kitengo kimeandika upya mwongozo wake: simu kwa timu ya upasuaji haipigwi mpaka daktari athibitishe kifo. Aliyepewa kazi ya kuuandika ni mwandishi wa makala haya. Sista aliusoma, akafuta vivumishi vyote, akatia saini.

Sasa atakwenda Bukoba kwa miezi mitatu, kisha atarejea Kilburn kwa wajukuu wanaoelewa kila neno la Kiswahili chake na kumjibu kwa Kiingereza. Sista Beatha, asante kwa kila familia uliyoiwekea kiti, na kwa kutufundisha kusimama bila kugusa kitu. Tunakuombea afya, usingizi na sahani ya biriani usiyoiacha nusu. Anza kuhesabu upya, kutoka mwanzo. Safari hii hakuna anayekupigia simu.

Fanuel Mwakatobe
Muuguzi, kwa niaba ya kitengo