Sahani Sita Katika Nyumba Ishirini na Nane

Mgeni rasmi, Bwana Henri, kitendawili! Useme "tega", nasi tunatega: Tuko sita. Kwa siku tatu tumeingia nyumba ishirini na nane, na kila nyumba imeonekana ndiyo kwetu. Sisi ni nani?

Usijibu sasa, Bwana. Kaa nacho kwanza.

KARIBU

Sisi bamama wa Jiko la Wazazi, hapa Lweba, tunakukaribisha. Kiti ulichokalia ni cha kapita, mkuu wa kijiji chetu. Mkeka ulio chini ya miguu yako ni wa mke wa mwalimu. Glasi ni ya padre. Tunakutajia mapema mwenye kila kitu, na sababu yake utaisikia.

Anayekusomea karatasi hii ni mama Émilienne, wa nyumba ya tisa kutoka ziwani. Humu ndani anatajwa kwa jina kama mtu wa mbali. Ameomba hivyo mwenyewe: "Muniite tu Émilienne, kama muntu mwingine. Nikisema 'mimi', sitafika mwisho."

TULIKOTOKA

Zamani mama wa Lweba akishikwa na uchungu alipelekwa Baraka kwa miguu, na wengine walijifungulia njiani. Émilienne alimpoteza mkamwana wake wa kwanza kwenye njia hiyo, kando ya mto, mwaka 1952.

Mwaka uliofuata tulifyatua matofali ya nyumba ya kuzalia, baba zetu wakaezeka nyasi, na serikali ikatuletea mama Georgette, mzalishaji, na sanduku lake la dawa. Sisi tunapika uji wa wazazi kwa zamu. Tangu hapo batoto sitini na mmoja wamezaliwa katika nyumba ile, na hakuna mama aliyebaki njiani.

Hayo ndiyo mafanikio. Tunayataja kidogo kidogo, maana sasa tunaogopa kuonekana tunayo.

YALIYOTUPATA

Jana kwenye kiwanja cha shule ulitueleza kazi yako. Mali yote ya nchi inakusanywa kwenye karatasi, inagawanywa kwa vichwa vya watu wake, kisha nchi zinapangwa kwa safu: zenye pato kubwa mbele, za katikati, na zenye pato dogo nyuma. Hivyo inajulikana nani asaidiwe na nani ajitegemee. Ukasema biro ya hapa, ofisi ya serikali, imevipanga vijiji kwa njia hiyo hiyo, na Lweba iko safu ya kwanza. Kwa hiyo mvua zikianza, Georgette na sanduku lake watahamia kijiji cha safu ya tatu.

Tulikuelewa, Bwana. Hesabu yako ya kugawanya haikukosea. Tulioikosesha ni sisi.

Mwaka jana karani Roger alikuja kuandika mali ya kila nyumba. Kapita alitangaza siku mbili mbele. Sasa, kwetu mgeni hali kwenye chombo kilichopasuka. Asiye na chombo kizuri anapitishiwa cha jirani kwa mlango wa jikoni, na mgeni hajui. Hatuoni kama ni uongo. Ni adabu tuliyoikuta kwa bibi zetu.

Hapa Lweba kuna sahani sita tu za bati zenye ukingo wa buluu, za mama Adolphine, alizopewa siku ya ndoa. Kwa siku tatu karani alionja kitu katika kila nyumba, na kila nyumba aliandika: sahani sita. Alipotoka mbele, sahani zilitoka nyuma, zikaoshwa mbiombio, zikamtangulia. Adolphine mwenyewe alisimama kwake akipiga kelele: "Eh, bamama! Sahani zangu zinatembea kunipita mimi!" Taa ya kapita ilikwenda vile vile, na kinga yake, ile baiskeli, pia, ingawa tairi moja haikuwa na upepo.

Siku hizo hizo mzee Sebahire alikuwa ameteremsha ng'ombe wake arobaini na wawili kutoka milima ya Minembwe, wakalala uwanjani kwetu. Karani akauliza ni wa nani. Tukasema ni wa hapa, kwa kuwa kwetu ng'ombe wa mgeni analindwa kama wa mwenyeji. Kwenye karatasi kila nyumba ikapata ng'ombe mmoja na nusu. Sebahire aliposikia, alicheka mpaka akakaa chini: "Bamama, mumeniiba bila kamba!"

Ni katika nyumba ya tisa tu ambapo karani alisita. Sahani moja imebanduka rangi ukingoni, alama kama mkia wa samaki, na alikuwa ameiona nyumba mbili nyuma. Akaweka kalamu chini, akamtazama Émilienne.

"Mama, hizi sahani ni zako?"

Émilienne akamsogezea ndagala, visamaki vya ziwani. "Kula kwanza, baba. Inapoa."

Akala, akaandika, akaenda. Tangu jana, ulipotuambia habari ya Georgette, Adolphine hamwachi: "We Émilienne, na ule mudomo wako wote! Siku ile ulikuwa umemeza nini?" Naye anaendelea kukoroga uji. Pulchérie, mkamwana wake wa pili, yule aliyekaa karibu na mlango, ana mimba ya miezi saba.

TUNACHOOMBA

Hatuombi kuitwa maskini. Hakuna mama anayelipenda jina hilo. Tunaomba safu yetu ya kweli. Karani arudi bila kutangazwa, na apitie mlango wa jikoni. Georgette asihame kabla karatasi mpya haijaandikwa.

Na huko wanakopanga nchi, kama iko nchi iliyoazima sahani kwa kumwonea mgeni haya, nayo iulizwe mara ya pili, kwa upole.

Mungu akufikishe kwako mzima, na watoto wako wakukute na nguvu. Ni sisi, Bamama wa Jiko la Wazazi, Lweba, Agosti 1957.

Limebaki swali la karani, ambalo limekaa mwaka mzima bila jibu. Émilienne ameliandika jibu hapa chini kwa mkono wake, ili alisome mbele yako na mbele yetu:

"Apana, Bwana. Haiko zangu. Mi niko na sahani moja tu, na iko na tundu."