Ukuta wa Katikati ya Ukumbi

Sogeeni karibu, wanangu, na anayetaka kulia akalilie jikoni, maana pumzi niliyobakiwa nayo haitoshi kushindana na makelele. Binti yangu, nyumba hii ni yako pamoja na paa lake linalovuja. Kaka yako anayo yake. Kiwanja cha nyuma niliwaahidi kamati wajenge ukumbi wa kuwakumbuka waliokufa vitani, na ahadi yangu siivunji. Lakini jana nilijikongoja hadi dirishani nikaona ukuta unapanda katikati ya ukumbi: wafu wa upande wetu huku na mlango wao, wafu wa upande wa pili kule na mlango wao. Na anayeujenga ni wewe, mwanangu wa kwanza, fundi niliyemzaa mwenyewe.

Usiniambie tena, "Mama, ramani imeshapitishwa." Aliyeichora hana mtoto humo. Mimi ninao wawili, wadogo zako, mmoja alikwenda kupigana huku na mwingine kule, wapumbavu wote wawili, waliolala kitanda kimoja tangu utotoni, huyu miguu yake kichwani kwa yule, wakigombania shuka mpaka kunakucha. Mimi siendi popote tena, lakini wapo akina mama wengine kama mimi mitaa hii, ila wamefunga midomo. Mama kama huyo amlilie mmoja, kisha atoke nje na magoti yake mabovu, azunguke jengo zima kwenye mvua, aingie kwa mwingine kama mgeni?

Najua mguu wako uliharibiwa na wenzake huyo mdogo wako wa kule. Nani aliyekuwa akiuosha usaha kama si mimi? Sikuambii umsamehe, mimi mwenyewe nimechoka, sijui kama nimemsamehe. Nakuambia usimjengee ukuta.

Hati ya kiwanja namwachia dada yako, na asiitoe kwa kamati mpaka ukuta uwe umeshuka. Mlango uwe mmoja, mpana. Majina yachanganywe, yaandikwe chini, aliyekaa ayafikie kwa mkono. Mwenyekiti wao akinuna, mwacheni anune, uso wake umeshazoea.

Niinueni kidogo... hapo. Mungu awatunze. Awape watoto wabishi kuwashinda nyinyi, mjue nilivyochoka. Mikono yenu ibarikiwe, wewe na wewe... Maji, binti yangu... basi, yanatosha.

Fundi, mbona umesimama? Chukua nyundo uende. Acha dirisha wazi... nenda sasa, mwanangu, ningali nasikia.